Uliza Fundi: Saa yako ni ngumu kweli, ao ni jina tu?

Barua za mwezi huu karibu zote zimeongea kitu kimoja, saa za mkono za kazi ngumu, zile nene za mpira mweusi ambazo hapa kwetu kila mtu anaziita G-Shock hata kama hazikutoka kwa Casio wa Japani, wenye jina hilo. Nimefurahi sana, sababu hizo saa nimezifungua na kuzifunga miaka mingi hapa kwenye meza yangu Goma, na ninazipenda. Nimechagua barua sita. Zingine nimezijibu kwa kirefu, zingine kwa haraka, inategemea swali lenyewe.

Mukubwa, jambo. Miye ni motari wa pikipiki hapa Goma, njia ya Sake kila siku, vumbi na mvua vyote ni vyangu. Nilinunua G-Shock ku Birere dola 15, muuzaji akaniapia ni orijino, na nyuma imeandikwa 20 BAR. Wiki tatu tu, mvua moja ikanipiga toka Mugunga mpaka Katindo, maji ikaingia ndani ya kioo, namba zikapotea. Sasa ninauliza, orijino njo iko je, na kweli iko na nguvu ao banatudanganya? (Motari, Goma)

Pole sana mdogo wangu. Hiyo uliyouziwa siyo G-Shock, na ninasema hivyo bila kuiona, kwa sababu mbili: bei na mvua. Mpya ya kweli kwa dola 15 haipatikani, na mvua ya Mugunga haiwezi kuingia ndani ya saa iliyopimwa kwa presha ya bar 20, hiyo ni presha ya maji ya mita 200 kwenda chini. Maneno ya nyuma mtu yeyote anaweza kuyachapisha, wino hauzuii maji.

Ila swali lako la pili ndilo ninalotaka kulijibu vizuri, sababu ukijua ile saa ilitengenezwaje hautauziwa tena ya uongo kirahisi.

Kulikuwa na injinia wa Casio huko Japani anaitwa Kikuo Ibe. Alikuwa na saa aliyopewa na baba yake, siku moja kazini akagongana na mtu, saa ikamtoka mkononi ikaanguka chini ikapasuka. Ikamuuma. Wakati ule, mwaka 1981, saa za mkono zilikuwa zinashindania wembamba, kila kampuni inataka yake iwe nyembamba kuliko ya jirani, na yeye akaomba ruhusa atengeneze kitu kinyume kabisa, saa isiyovunjika ikianguka. Aliona pia watu wa kuchimba barabara na zile mashine za kutetemesha, hakuna hata mmoja aliyevaa saa, sababu saa gani ingevumilia? Yaani alikuwa anafikiria watu kama wewe. Wakajipa alama tatu za kumi: saa ianguke mita 10 isife, ivumilie maji bar 10, betri iishi miaka 10. Walikuwa watu watatu tu kwenye hiyo kazi.

Sasa sikiliza hapa. Mwanzoni alifikiri ni kufunika tu, unavisha saa mpira mwingi basi, kama gurudumu la chukudu, ile skuta yetu ya mbao, vile tunavyolivisha kauchu ya tairi ya zamani. Alikuwa anaangusha saa kutoka dirisha la choo la gorofa ya tatu, anashuka, anaokota, anaangalia. Mpira ulipofika kutosha kuzuia kuvunjika, saa ilikuwa imekuwa kama mpira wa kuchezea, nani atavaa hiyo? Akapunguza, akaanza kuvisha saa matabaka matano ya kuvunja nguvu ya mshindo, na bado kila akiangusha kitu kimoja kinakufa ndani. Akiimarisha skrini, kunavunjika kingine, akiimarisha kile, cha tatu kinakatika. Zaidi ya saa za mkono 200 za kujaribia ziliishia chini ya lile dirisha.

Siku moja akiwa amekaa kwenye bustani akaona mtoto msichana anadundisha mpira, akawaza kama saa ingekuwa inaelea katikati ya ule mpira, mshindo ungeishia nje, usingemfikia aliye katikati. Hapo ndipo ilipotoka. Ile mashine ya ndani, sisi mafundi tunaiita moduli, haikukazwa tena na kasha la chuma, inashikwa kwenye nukta chache tu, kuzunguka kwake kuna nafasi na vitu laini.

Wewe ni motari, umeshabeba mayai. Treya ya mayai ukiifunga moja kwa moja kwenye chuma cha porte-bagage, shimo la kwanza tu umekwisha, lakini ukiweka sponji chini na ukaacha mayai yakae kwenye vikombe vyao bila kubanwa, unafika nayo. Ndiyo G-Shock hiyo. Ile ya kwanza, DW-5000C, ilitoka mwezi wa nne 1983, na hata zile bar 10 walizipita wakafika 20.

Halafu angalia umbo lake, watu wanafikiri ni urembo. Kava la nje limenyanyuka kuliko kioo, kwa hiyo saa ikianguka kifudifudi kioo hakigusi chini. Butoni zimeingia ndani kidogo ili zisipigwe. Mkanda unatoka kwa mpindo fulani kiasi kwamba ikianguka kwa mgongo, mkanda ndio unapokea kwanza. Hakuna mstari pale uliochorwa ili upendeze, na kwangu ndiyo maana unapendeza.

Wamarekani ndio waliokubali kwanza. Mwaka 1984 kulikuwa na tangazo la televisheni ambapo mchezaji wa magongo ya barafuni anaipiga saa kama ndiyo kile kisahani chao cha kuchezea, watu wakasema uongo, kipindi kimoja cha televisheni kikaijaribu mbele ya watu, wakaipiga na wakaipitisha chini ya lori, ikaendelea kuhesabu. Miaka mingi baadaye, mwaka 2017, moja ya zile za mraba ilipitiwa na gari la tani 24.97 ikaandikwa kwenye rekodi za Guinness. Mwaka huohuo walifikisha saa milioni 100 zilizotoka kiwandani.

Sasa kabla ya kulipa siku nyingine, fanya hivi. Geuza saa. Nyuma ya orijino kuna jina la modeli, na namba ya moduli, tarakimu nne mara nyingi, zimefungwa ndani ya kiboksi kidogo. Ukiwa na megabaiti, andika hiyo namba kwenye tovuti ya Casio utapata kitabu chake cha maelezo, soma kama butoni zinafanya vile kitabu kinasema. Zile za mishale na vidude vya duara ndani, angalia kama vile vidude vinatembea kweli, kwa za uongo mara nyingi vimechorwa tu, mshale wake umegandishwa. Na ukikutana na ile ndogo nyembamba ya F-91W, ya tangu 1989 na bado inauzwa, finya butoni ya kulia bila kuachia kwa sekunde tatu hivi, namba zitaondoka na skrini itaandika jina CASIo. Nyingi za uongo haziwezi hiyo.

Yaya fundi, miye ni mwanafunzi wa jiolojia ku Unilu. Baba mdogo alinitumia saa toka Bruxelles, imeandikwa Multi Band 6 na Tough Solar. Huko anasema ilikuwa inajirekebisha yenyewe kila usiku. Huku Lubumbashi kila asubuhi inaniandikia ERR, tena iko nyuma saa moja nzima. Imeharibika mu safari? (Mwanafunzi, Lubumbashi)

Haijaharibika, mdogo wangu, iko mbali na mama yake tu.

Hiyo Multi Band 6 ni redio ndogo ndani ya saa. Usiku inasikiliza mitambo inayorusha saa sahihi kwa mawimbi marefu, na mitambo iko sita: miwili Japani, mmoja Marekani huko Fort Collins, mmoja Uingereza, mmoja Ujerumani pale Mainflingen karibu na Frankfurt, na mmoja China. Hesabu tena uone kama kuna wa Afrika. Hakuna. Ule wa Mainflingen, ndio uliokuwa unailisha Bruxelles, saa inausikia vizuri kwenye kilomita 1,500 hivi, na wewe uko karibu kilomita 7,000. Itaita mpaka kesho.

Kwa hiyo zima ule usikilizaji wa usiku kama modeli yako inaruhusu, hauna faida hapa. Halafu mji wa nyumbani bado umekaa kwenye Paris ao Berlin, na kwetu mashariki yote, Goma, Bukavu mpaka Lubumbashi, tuko UTC+2, yaani saa mbili mbele ya ile saa ya kupimia ya dunia nzima. Ulaya wakiwa kwenye majira yao ya joto wanalingana na sisi, baridi ikifika wanarudi nyuma saa moja, ndiyo hiyo saa moja yako iliyopotea. Tafuta mji wa +2 kwenye orodha, JNB ya Johannesburg kama iko, kama haiko weka CAI ya Cairo, na pale kwenye DST, ile saa ya majira ya joto, weka OFF uiache OFF. Baada ya hapo saa itajitegemea kwa kwatsi yake, kile kijiwe kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde, na itakosea sekunde 15 kwa mwezi ikizidi sana. Mara moja kwa mwezi linganisha na simu, umemaliza.

Hapo kwenye Tough Solar, yaani kujichaji kwa jua, uko na bahati. Jua la Katanga halihitaji mtambo wa mtu. Ikijaa vizuri modeli nyingi zinaweza kukaa miezi 10 bila kuona mwanga, ila usiifiche chini ya mkono wa shati kila siku ukashangaa inalala.

Na kitu kimoja ninakuomba kama kaka. Ndani ya saa ya sola kuna betri ya kuchajika, kwa nyingi ni CTL1616. Kuna nyingine inaitwa CR1616, ukubwa ni uleule, inaingia bila shida, na inauzwa kila mahali. Siyo ya kuchajika. Mwanzo wangu kwenye kazi hii nesi mmoja aliniletea saa ya sola, sikuwa na CTL, nikamwekea CR nikaona inawaka nikafurahi, nikachukua pesa yake. Wiki kadhaa baadaye akarudi, nikafungua, betri imevimba na imetoa maji, njia za shaba za moduli zimekuwa za kijani. Nilimtafutia saa nyingine kwa pesa yangu. Toka siku hiyo kama sina CTL ninamwambia mtu asubiri, hata kama itachukua mwezi kufika. Fundi yeyote akitaka kukubadilishia betri, muombe akuonyeshe herufi kabla ya kufunga.

Fundi, nimenunua saa yenye sensa tatu, dira, baromita na altimita, ili niwafundishie watoto jiografia. Kuna mambo matatu. Baromita inasoma 850 na kidogo wakati kitabu kinasema 1013. Altimita asubuhi inasema mita fulani, saa kumi za jioni inasema nimepanda mita 30 na miye niko darasani palepale. Na wazazi wananiuliza kama saa ya hivi inaweza kuonya mtu juu ya mazuku. (Mwalimu, Goma)

Mwalimu, shikamoo kwa kazi unayofanya, na hii saa kwa darasa ni kitu kizuri sana, acha nieleze taratibu.

Ile 1013 ni ya usawa wa bahari. Sisi ziwa lenyewe liko mita 1,460 juu, hewa iliyo juu yetu ni kidogo kuliko ya mtu wa Mombasa, kwa hiyo 850 na kitu ndiyo sawa kabisa. Saa yako ni nzima.

Hiyo ya mita 30 ndiyo niliyoipenda. Altimita ya saa haina macho ya kuona mlima. Inapima presha ya hewa tu, halafu inakisia: presha imeshuka, basi mtu huyu amepanda. Kwenye urefu wetu huu, presha ikishuka hektopaskali moja, yaani namba moja kwenye baromita yako, yenyewe inafikiri umepanda mita 10 hivi. Sasa kwenye nchi zilizo karibu na ikweta kama yetu hewa nayo iko na kujaa na kupwa, kama maji ya bahari, sababu jua linaipasha hewa ya juu moto kila siku kwa mpango uleule. Presha inapanda mpaka saa nne za asubuhi, inashuka mpaka saa kumi za jioni, inapanda tena mpaka saa nne za usiku, inashuka mpaka saa kumi za alfajiri. Tofauti ni hektopaskali tatu hivi. Tatu mara kumi, hiyo mita 30 yako.

Kwa hiyo presha imesema ukweli, urefu ndio umekosea. Wape watoto daftari waandike presha kila lisaa toka saa mbili mpaka saa kumi na moja, siku tano, wachore mstari. Wataona lile bonde la jioni linarudi kila siku. Ninatamani ningefundishwa hivyo.

Na ukitaka urefu sahihi, teremka nayo ziwani, simama pale maji yanagusa mawe, iingizie 1,460, halafu panda mjini bila kuchelewa. Kila ukifika mahali unapojua urefu wake, irekebishe tena. Za aina hii haziachwi zijifikirie zenyewe. Dira hivyohivyo, irekebishe kwa kuielekeza pande mbili zinazotazamana kama kitabu chake kinavyosema, na usifanye hiyo kazi umekaa juu ya majiwe ya volkano, yale mawe yana chuma cha sumaku ndani yake na kaskazini itatembea. Simama pia mbali na pikipiki na nyumba za nondo.

Mazuku, mwalimu, hapana. Waambie wazazi hapana, waziwazi. Mazuku ni gesi ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini, haina rangi, haina harufu, ni nzito kuliko hewa kwa hiyo inalala kwenye mashimo na mabonde madogo, pale mtoto na mbuzi wanapofikia kabla ya mtu mzima. Hizi saa zenye dira na baromita hazina sensa ya hiyo gesi, na baromita haitaonyesha kitu, mtu anaweza kuanguka na saa inasoma vilevile. Muuzaji akisema vingine anacheza na maisha ya watoto. Mahali wenyeji wamesema kuna mazuku, msiteremke, basi.

Baba fundi, niko Bukavu, Kadutu. Marehemu mume wangu aliniachia saa aliyoivaa toka ujana wake, nyuma imeandikwa DW-5600C na namba 901. Ilikuwa kwenye sanduku miaka mingi. Juzi nimeitoa ili nimpe kijana wetu, kava la nje linamomonyoka mkononi kama mkate mkavu, na skrini haina kitu. Niliambiwa nitupe. Nitupe? (Mama, Bukavu)

Usitupe, mama. Ninakuomba usitupe hata vipande.

Hiyo ni ya ukoo wa ile ya kwanza kabisa, ile ya mraba. Ndani ya huo mpira unaomomonyoka kuna kasha la chuma, na mgongo wake unazungushwa kama kifuniko, haukazwi na visi vinne kama za baadaye. Kinachokuvunjikia mkononi ni resini ya polyurethani. Hiyo resini inaliwa na unyevu wa hewa polepole, miaka 15, 20, na Bukavu mvua munaijua. Jasho na sabuni iliyobaki vinaongeza. Haikuwa uzembe wa mtu, ingevunjika hata ndani ya sanduku, na kwa kweli ndani ya sanduku lililofungwa bila hewa inakwisha vibaya zaidi. Kava na mkanda ni nguo tu za saa. Saa yenyewe ni kile chuma.

Sasa fanya hivi. Usiipanguse na petroli wala dilia ya rangi, vitakula kilichobaki. Chukua mswaki laini na maji ya uvuguvugu kidogo, ondoa ule unga taratibu, ila usiitie majini maana hatujui gasketi yake iko katika hali gani. Gasketi ni ule uzi wa mpira mwembamba kama unywele wa kusuka, umekaa kwenye mfereji wa mgongo, ndio unaozuia maji, si kingine. Kwa saa ya umri huo utakuwa umekauka na kulala bapa.

Mpelekee fundi mwenye ufunguo wa kuzungusha migongo. Akija na bisibisi na nyundo, chukua saa yako urudi nyumbani. Yenyewe inatumia betri ya CR2320, ni adimu kidogo lakini ipo, asikuwekee ndogo yake na karatasi ya sigara pembeni. Akishaweka betri mpya na skrini ikabaki nyeupe, usikate tamaa bado, mwambie atafute pale palipoandikwa AC juu ya moduli, agusishe hapo na upande wa juu wa betri kwa kibano cha chuma sekunde mbili. Nimeona watu wanalia mezani kwangu kwamba saa ya baba imekufa, na ilikuwa inangoja huo mguso tu. Namba zinarudi zote kwa pamoja, halafu inaanza kuhesabu toka mwanzo. Baada ya hapo gasketi mpya, ipakwe grisi ya silikoni kidogo, kidogo sana, ing'ae tu.

Kava na mkanda vinapatikana kwa kuagiza, muwe na subira na musome vizuri kwamba ni vya 5600C, za baadaye zinafanana kwa macho lakini tundu hazilingani zote. Taa yake ni kibulbu kidogo cha njano pembeni, siyo ule mwanga wa kijani uliojaa skrini nzima, huo kwenye G-Shock ulianza mwaka 1994. Kijana asije akafikiri imeharibika. Ni taa ileile aliyokuwa anaiwasha baba yake.

Chef, niko mekanisheni wa malori ya mgodi, ninaishi Lubumbashi, wiki ninakaa Kolwezi. Ninataka saa-janja ngumu, nimeona moja imeandikwa MIL-STD-810 ku boksi, bei nafuu, imeingia kwa mpaka wa Kasumbalesa. Ninunue hiyo ao nibaki na G-Shock ya kawaida? (Mekanisheni, Lubumbashi)

Baki, kwa maoni yangu, na nitakuambia kwa nini.

MIL-STD-810 ni kitabu cha jeshi la Marekani cha namna za kupima vitu, joto, mtikisiko, vumbi, kuanguka. Hakitoi cheti. Mtengenezaji anachagua vipimo viwili vitatu, anajipima mwenyewe, anachapisha kwenye boksi. Wako waliofanya kwa haki na wako waliochapisha tu, na kwenye boksi maneno ni yaleyale. Hata lile neno la kawaida kwamba saa inavumilia mshindo, kwa kipimo cha kimataifa cha ISO 1413 maana yake ni kama kuanguka mita 1 juu ya mbao ngumu. Mita moja. Wewe unafanya kazi juu ya lori.

Saa-janja nzuri za kazi zipo, sikatai, Garmin wana Instinct toka 2018, Apple walitoa Ultra mwaka 2022 yenye chuma cha titani. Lakini kila kitu kinachoongezwa ndani ya saa kinaomba chakula chake. Ile Ultra walipoitoa walisema betri inakaa saa 36 kwa matumizi ya kawaida. Casio wenyewe walipoweka GPS kwenye G-Shock yao ya Rangeman ya 2018, yaani GPR-B1000, jua kali la masaa manne ndilo lilikuwa linakupa GPS ya lisaa limoja. Ukiwa Kolwezi na delestaji, umeme umekatwa siku mbili, hiyo ya kuchaji kila jioni itakuwa bangili.

Kama unataka mapigo ya moyo na njia kwenye ramani kwa sababu ya michezo, nunua ya jina linalojulikana, jipange na pawa-benki. Kama ni saa na kengele ya zamu, ya mraba ya sola inatosha kabisa. Na mwisho wa wiki ioshe kwa maji na sabuni laini, suuza vizuri sana, hasa chini ya butoni. Vumbi la mgodi likichanganyika na grisi linakuwa msasa na linakula gasketi ya butoni.

Fundi mpenzi, miye nauza samaki na vitenge kati ya Bukavu na Goma, siku zote kwenye boti. Mama yangu anasoma saa ya Kiswahili tu, saa mbili ni saa mbili ya asubuhi yetu, akiona 8:00 anachanganyikiwa na anakosa boti. Kuna saa ngumu inayosoma Kiswahili? (Mfanyabiashara wa ziwani)

Dada, inawezekana na hautalipa kitu.

Chukua ile ya mraba yenye saa ya dunia, ile ambayo inaonyesha pia saa ya mji mwingine. Kwanza weka mji wa nyumbani uwe wa UTC+2, kama nilivyomwambia mwanafunzi wa Lubumbashi, DST iwe OFF, na urekebishe saa yetu vizuri. Halafu ingia kwenye saa ya dunia utafute mji ulio UTC−4, SCL ya Santiago unafaa, nao DST yake iwe OFF. Kutoka +2 mpaka −4 ni saa sita kamili, na saa sita ndiyo tofauti ya saa ya Kizungu na ya kwetu. Weka iwe ya saa 12, siyo 24, na uiache saa ibaki kwenye huo ukurasa.

Kwetu ikiwa 8:00 asubuhi, mama atasoma 2:00. Saa saba mchana atasoma 7:00. Na kuna kitu ambacho sikukitegemea mpaka nilipojaribu mwenyewe mezani: alama ya P inatokea jua linapozama, saa kumi na mbili za jioni, inaondoka saa kumi na mbili za asubuhi. Kwa hiyo mwambie mama, akiona P ni usiku, asipoiona ao akiona A ni mchana.